Shanta la Fremu ya Nje

Bwenini, Alhamisi, tarehe 5 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama, usianze kuhesabu mbavu zangu ukiwa huko huko. Simu zetu zimekusanywa getini ndani ya ndoo na tutarudishiwa mafunzo yakiisha, kwa hiyo ukinipigia utakuwa unaisumbua ndoo. Barua zinapanda na lori la mboga kila Alhamisi na kushuka nalo Ijumaa asubuhi. Dereva ni yule wa kofia ya sufi. Anasema uliwahi kumtengenezea mkewe baiskeli na bado inatembea.

Hapa kila kitu ni mgongo. Wakitufundisha ramani, tumebeba mizigo. Wakitufundisha kufunga jeraha, tumebeba mizigo. Tarehe 21 Machi, Jumamosi, ndiyo siku ya mtihani: kilo ishirini za mchanga ndani ya shanta, kilomita kumi na nne za kupanda na kushuka, kwa muda wa saa tatu na nusu. Atakayechelewa hata dakika moja anarudi kwao, na mtihani haurudiwi. Mkufunzi anasema mwongoza wageni asiyeweza kubeba ni mgeni mwingine tu. Nimeomba nafasi hii miaka mitatu, Baba, unajua. Sitaki kurudi kukaa barazani nikiulizwa na majirani imekuwaje.

Sasa shida ya leo. Kila mmoja anachagua shanta moja stoo, anatia saini, na ndilo lake mpaka mwisho. Yapo ya aina mbili. Moja fremu yake imefichwa ndani ya kitambaa, limelala mgongoni kama mtoto aliyebebwa. La pili fremu iko nje, mabomba yote unayaona, na mfuko umefungwa juu yake kama mzigo juu ya keria. Jirani yangu wa kitanda cha juu, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, anasema la fremu ya nje ni la wazee. Mwisho wa kuchagua ni Ijumaa ya wiki ijayo. Wewe ndiye mtu wa fremu. Nichukue lipi?

Msalimie Mama. Mwambie nakula.

Wako,
Sindano


Karakana, Jumatano, tarehe 11 Februari

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne, mara moja mbele ya mteja mwenye pancha, akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba, kuna mchanga kilo ishirini.

Chukua la fremu ya nje, na Redio mwambie azime. Nitakupa sababu, maana wewe hukubali kitu bila sababu, umemrithi mama yako. Kwanza, mzigo unakaa juu na karibu na kichwa, kwa hiyo unatembea umenyooka badala ya kujikunja. Pili, kati ya mgongo na mfuko kuna upenyo, hewa inapita, jasho linakauka. Tatu, ukitaka kufunga kitu cha ajabu ajabu, sufuria, kuni, hata miguu ya meza, unafunga kwenye bomba. Ubaya wake ni mmoja: kwenye njia nyembamba yenye matawi litakukwamisha, na kwenye mawe litayumba usipolikaza. Lakini nyinyi mnatembea njia pana, ulishaniambia kabla hujaondoka.

Sasa namna ya kuchagua. Jipime kwanza. Inamisha kichwa, tafuta ule mfupa unaotokeza chini ya shingo, halafu shika nyonga zako, vidole gumba vikutane nyuma. Kutoka mfupa hadi vidole gumba, huo ndio urefu wa mgongo wako. Fremu ifuate huo, si urefu wako wote. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, maana mzigo unabebwa na nyonga. Mabega kazi yake ni kuuzuia usianguke tu.

Mwisho, omba kijiko jikoni. Gonga kila kiungo cha fremu taratibu. Kiungo kizima kinalia. Chenye ufa kinakohoa. Baiskeli ni hivyo hivyo.

Vaa soksi mbili. Usinywe maji baridi ukiwa na jasho. Kama kuna ukungu, msitoke. Mama yako anasema niache kuandika, karatasi imekwisha.

Baba yako


Bwenini, Alhamisi, tarehe 12 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimegonga mashanta stoo nzima kwa kijiko mpaka mtunza stoo akaniuliza kama napiga ngoma ya mganga. Ya fremu ya nje yalikuwa matano. Manne ni marefu kwangu, yangenigonga kisogoni. La tano limenikaa kama nimepimiwa. Jepesi, la kijani, mkanda wa kiuno mnene. Lakini kiungo cha chini, upande wa kushoto, kinakohoa. Nikaangalia, nikaona ufa mwembamba kama unywele.

Mtunza stoo amekubali nilitume kwako na lori, mradi lirudi wiki ijayo likiwa zima. Nimeshatia saini. Ni langu sasa, kwa heri au kwa shari.

Leo tumefanya jaribio la kwanza. Niliazima la mwenzangu, likanipwaya, na bado nikamaliza kwa saa tatu na dakika kumi na tano. Mkufunzi aliangalia saa yake, akaniangalia mimi, akasema, "Sindano na uzi umo." Sijawahi kusifiwa namna hiyo. Nimejilaza kitandani nacheka.

Nitengenezee vizuri, Baba.

Sindano


Karakana, Jumatano, tarehe 18 Februari

Mwanangu,

Shanta lako hilo limerudi kwako. Limepona kabisa. Ufa haupo tena, nakuhakikishia. Nimepaka fremu yote rangi upya, kijani ile ile. Nilizunguka maduka matatu kuitafuta. Mama yako ameshona mikanda upya kwa uzi wa turubai, mshono mara tatu, hata ukimfunga ng'ombe utashika.

Usiligonge kijiko tena kwa sasa, rangi bado mbichi. Usiikwangue pia.

Hizo saa tatu na dakika kumi na tano nimemwambia kila aliyeingia karakana. Yule wa pancha amezisikia mara mbili.

Unalala vizuri? Mabega hayaumi? Yakiuma uniambie mara moja.

Baba yako


Bwenini, Ijumaa, tarehe 27 Februari

Baba,

Shikamoo. Shanta limefika, ni zuri kuliko nilivyolituma. Mwambie Mama mshono wake umetazamwa na darasa zima.

Sijui niandikeje hii. Jana tulifanya jaribio la pili. Mchanga kilo ishirini, njia ile ile, hali ya hewa nzuri. Nimetumia saa tatu na dakika hamsini. Mtu wa mwisho kabla yangu alikuwa ameshaoga. Mkufunzi aliandika tu.

Nilifanya yote uliyosema. Mkanda ulikuwa juu ya nyonga, nilinyooka, nilikunywa maji kidogo kidogo. Tulipofika kwenye kipando cha pili nilihisi kama kuna mtu amenishika shanta kwa nyuma ananivuta, mpaka nikageuka kumtazama. Hakukuwa na mtu. Redio alilinyanyua tulipofika, akasema, "Dada, humu umeweka jiko?" Wote wakacheka, nami nikacheka, lakini moyoni niliumia. Yeye analibeba lake kama mkoba wa sokoni.

Labda ile siku ya kwanza nilibahatisha. Labda ni huu mwili. Nyinyi wenyewe mliniita Sindano.

Usimwambie Mama.

Wako


Karakana, Jumatano, tarehe 4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Usiseme hivyo kuhusu mwili wako. Jina la Sindano nilikupa mimi ulipokuwa na miaka minne kwa sababu ulikuwa unapenya kila mahali, hata chini ya kabati, si kwa sababu ya wembamba. Sindano ni chuma, mama.

Jaribio moja baya si kitu. Kula asubuhi, kula hasa, uji na mayai kama yapo. Weka mchanga juu zaidi ndani ya mfuko, karibu na mabega. Kaza mikanda ya juu. Kama shanta linakuvuta nyuma, inama kidogo tu kwenye vipando.

Nilitaka kukuuliza. Je, mnapimwa na shanta lenyewe, au mnapimwa mchanga peke yake? Nauliza tu. Na hapo stoo, mtu akiona shanta halimfai, hawezi kabisa kubadilisha? Nauliza tu pia.

Usijali kuhusu mama yako, sijamwambia. Nimempa salamu zako. Siku hizi silali vizuri, labda ni joto.

Baba yako


Bwenini, Ijumaa, tarehe 13 Machi

Baba,

Shikamoo. Wanapima mchanga peke yake. Kubadilisha hakuna, isipokuwa shanta limeharibika, na langu ni zima, umelitengeneza wewe.

Jaribio la tatu jana: saa tatu na dakika hamsini na nane. Kila jaribio naenda nyuma. Nimekula uji, nimekula mayai, nimepandisha mchanga, nimeinama. Redio, ambaye kumbe ana moyo mzuri, amejitolea kunibebea nusu ya mchanga wangu nyuma ya kona ya kwanza na kunirudishia karibu na mwisho. Wengine wanafanya hivyo. Nilikaa nikilifikiria pendekezo lake, Baba, nalifikiria hasa, na hilo limenifanya nijichukie zaidi kuliko huo mzigo wenyewe. Siku moja mgeni atavunjika mguu huko juu, nami nitakuwa nimefaulu kwa mgongo wa mtu mwingine.

Nimeandika barua ya kujitoa. Nitampa mkufunzi Jumamosi ya mtihani, asubuhi, kabla hatujapimiwa mchanga. Sitaki kutembea tena mbele ya watu wote ili nifike wa mwisho. Pole kwa kuwaangusha. Rangi ya shanta sikuikwangua hata kidogo.

Mwanao


Karakana, Jumatano, tarehe 18 Machi

Mwanangu,

Soma barua hii mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Barua yako ilinifikia Ijumaa jioni, nami tangu hapo sijashika spana. Ningekupigia simu ya ofisi yenu, nimepiga tangu Jumamosi, inaita haipokelewi. Dereva anasema mvua zimeangusha nguzo huko kwenu. Kwa hiyo ni karatasi hii.

Fremu uliyoituma haikupona. Niliiua mimi. Uliponiandikia ni jepesi nilipaswa kujua ni alumini. Ila macho yangu yaliona bomba, na miaka thelathini na moja bomba kwangu ni chuma cha baiskeli. Niliwasha gesi, nikaelekeza moto kwenye kiungo ili nijaze shaba, kama ninavyofanya kila siku. Alumini haibadiliki rangi, haikuonyi. Nilikuwa bado nasubiri iwe nyekundu ikadondoka mezani kama siagi. Sumaku ilikuwa pale pale kwenye droo. Ningeigusisha tu, isingenata, ningejua. Mwanagenzi wa wiki moja angejua.

Nilikaa mbele ya kile kidonge cha alumini nikaona aibu. Nikasema mtoto amenitumia kitu kizuri, ameniambia nimtengenezee vizuri. Basi nikachukua mabomba ya baiskeli ya kike iliyokuwa imekufa nyuma ya karakana, nikayakata, nikayakunja kwa kukisia, nikayachomelea, nikapaka kijani. Mama yako alishona mikanda akidhani nimekueleza. Fremu unayobeba ni ya chuma. Jana nimepima mabomba yaliyobaki kwenye mzani wa muuza viazi hapa jirani, nikapiga hesabu ya urefu. Umezidishiwa kilo mbili na robo tatu, na ni ndefu kwa vidole viwili, ndiyo maana inakuvuta nyuma. Hakuna anayekushika. Ni mimi.

Nilidhani utazoea. Uliponiandikia saa tatu na dakika hamsini nilijua, nikakushauri ule mayai. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha kwa mgongo wa mwanangu. Mama yako ameisoma barua yako jana, nilimpa mwenyewe. Ameniuliza swali moja tu, kama wewe unajua. Tangu hapo ananiwekea chakula mezani na kuondoka.

Usitoe barua yako. Mwonyeshe mkufunzi hii. Wapime hilo shanta. Wewe hukuwa na kosa lolote.

Baba yako


Getini, Jumamosi, tarehe 21 Machi, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi

Sindano,

Niko nje ya geti. Mlinzi haniruhusu kuingia, anasema siku ya mtihani mzazi ni mtu wa nje. Juzi lori liligeuzwa njiani, daraja limefunikwa na maji, dereva akanirudishia barua. Jana mchana nikapanda baiskeli. Mtoni nilivuka kwa kivuko cha waenda kwa miguu, nimeibeba begani.

Barua ya Jumatano hiyo hapo ndani. Kama huna muda wa kuisoma, soma hili: fremu ni ya chuma, niliibadilisha mimi nikakuficha. Ina karibu kilo tatu zaidi. Tafadhali usimpe mkufunzi karatasi yako mpaka alipime.

Baba


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, saa moja kamili)

Baba,

Nilikuwa nimeshampa. Alikuwa ameikunja ameitia mfukoni.

Mlinzi alinikuta kwenye foleni. Nimesoma zote mbili nimesimama, nikaenda kwa mkufunzi nikampa za kwako. Alisoma polepole sana. Akatuma mzani wa jikoni uletwe. Wakafungua fremu mbele ya kila mtu, wakaiweka juu yake, halafu wakaweka ya mwenzangu; yangu ikazidi kwa karibu kilo tatu. Redio akanyamaza. Sijawahi kumwona amenyamaza.

Mkufunzi amenirudishia karatasi yangu pamoja na barua zako. Mtunza stoo amenipa shanta jingine, la fremu ya ndani, ndilo lililobaki. Linabana kwapa. La kwako namwachia mlinzi akupe, urudi nalo.

Sitakuja getini sasa hivi. Nikikuona nitalia, na ninahitaji pumzi yote.

Tunaanza.


Bwenini, Jumamosi hiyo hiyo, saa sita na robo mchana

Baba,

Shikamoo. Mlinzi anasema bado umekaa kwenye jiwe la nje na hukugusa chai yake. Kunywa chai ya watu.

Saa tatu na dakika ishirini na moja. Nimefaulu. Nimebaki.

Nilikuona tulipokatiza nyuma ya uzio, umesimama umeshika baiskeli, na nikaona unaniona. Asante kwa kutoniita. Ungeniita ningesimama.

Sasa nikwambie ukweli nami. Nina hasira, na nikitafuta pa kuiweka sipaoni. Nilibeba vyuma vyako milimani mwezi mzima, hilo nimekusamehe, ungenieleza ningecheka, tungekuwa na hadithi ya miaka yote, fundi aliyeyeyusha shanta. Lakini uliniandikia nile mayai. Nilikuwa nasoma barua zako kila usiku nikitafuta kosa langu humo, nikifuata kila neno, na kila nilipofuata nikazidi kuchelewa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, nami nilikuwa nimekifunga kiunoni kwa mkono wangu na kukikaza.

Na kinachonitisha si uzito. Leo asubuhi nilipompa mkufunzi ile karatasi sikuhisi uchungu. Nilihisi nafuu. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea kuwa mtu asiyeweza, Baba. Ilichukua wiki tatu tu.

Naruhusiwa kutoka getini kwa nusu saa. Nikishamaliza kuandika hii nakuja. Nimeona niiandike kwanza kwa sababu nikikutazama usoni nitasema hamna neno, yamekwisha, nawe utakubali haraka, na tutakuwa tumefichana tena. Kwa hiyo nitakaa karibu yako pale kwenye jiwe uisome yote mbele yangu. Usinijibu mpaka umefika mwisho.

Binti yako